Swali la lugha: Mifupa hurithiwa kwa asilimia 70?

Swali: Daktari mmoja wa Mwanza anawaandalia madaktari wenzake maelezo ya Kiswahili kuhusu tafiti za jeni na mifupa. Anauliza kama aandike "uzito wa mifupa" au "msongamano wa mifupa", na kama ni sawa kusema kwamba "mifupa hurithiwa kwa asilimia 70".

Jibu: "Uzito" tuuachie mizani. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba unaweza kukuta madebe mawili ya dagaa yanayolingana ukubwa, moja limemiminiwa tu na jingine limeshindiliwa, na tofauti hiyo ya kushindiliwa ndiyo anayoitafuta daktari. Neno "msongamano", kutokana na songa na songamana, linaibeba maana hiyo vizuri, ingawa mgonjwa aliyezoea kulisikia kuhusu magari anaweza kudhani kwamba mifupa kusongamana ni balaa. Mbele yake ningesema "wingi wa madini mifupani", na kwa wataalamu "msongamano wa madini ya mifupa". Hata hilo lina walakini: kipimo cha DXA, kinachotumia eksirei kupima mifupa, hutoa gramu kwa sentimita ya mraba, si ya ujazo, yaani hulitazama debe kwa upande mmoja bila kujua kina chake, kwa hiyo mfupa mkubwa huweza kuonekana umeshindiliwa kuliko ulivyo.

Sentensi ya pili ndiyo yenye hatari zaidi. Mtu harithi mfupa, hurithi jeni. Na asilimia hiyo, ambayo tafiti za mapacha na familia huiweka takriban kati ya 50 na 80, haihusu mtu mmoja hata kidogo, bali ni sehemu ya tofauti zilizopo baina ya watu wa jamii fulani, katika mazingira yao, inayoelezwa na tofauti za jeni zao. Ndiyo maana napendekeza kukiita kipimo hicho "urithikaji", kutoka -rithika, kama tunavyopata "usomekaji" kutoka -someka, na kuliacha "urithi" liendelee kumaanisha kile kinachopokelewa.

Aepuke pia "jeni ya mifupa dhaifu". Jeni LRP5 ikipoteza kazi yake, mifupa hudhoofika tangu utotoni. Mabadiliko mengine katika jeni hiyohiyo, yanayoizidishia kazi, huifanya mifupa kuwa imara kupita kawaida. Aseme "kibadala cha jeni", yaani umbo mojawapo kati ya maumbo tofauti ya jeni ileile, neno ambalo sisi wa isimu tunawaazima madaktari kwa moyo mkunjufu.

Mwisho ni kitenzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, kwa taarifa za washiriki zaidi ya 400,000 wa UK Biobank, hazina ya taarifa za afya na jeni ya Uingereza, ulitaja maeneo 518 ya jenomu, yaani ya DNA yote ya mtu. Maeneo hayo "yanahusishwa na" msongamano. Utafiti wa aina hiyo peke yake hauruhusu kuandika "yanasababisha". Na kwa kuwa waliochambuliwa walikuwa Waingereza wenye asili ya Ulaya, waliopimwa kisigino kwa mawimbi ya sauti, sentensi ya daktari ianze na "Miongoni mwa Waingereza hao", isianze na "Binadamu".