Maswali ya Wasomaji: Dizeli kwenye kisima kisicho jirani na mafuta

SWALI: Tunapima dizeli katika maji ya visima kwa kromatografia ya gesi. Kisima kimoja kilichoko shambani, mbali na kituo chochote cha mafuta, kimetoa miligramu 0.4 kwa lita. Je, tuandike kuwa kimechafuliwa? – Fundi sanifu wa maabara, Tanga

JIBU: Msiandike bado. Itazameni kwanza kromatogramu yenyewe, yaani mchoro wa vilele unaotolewa na kifaa, kwani namba peke yake haitoshi. Kwa njia namba 8015 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, mafuta ya jamii ya dizeli ni jumla ya kila kinachotoka kwenye kolamu (mrija mwembamba unaotenganisha vitu) kati ya alkani ya C10 na ya C28, yaani hidrokaboni zenye kaboni 10 na 28. Kigunduzi cha mwali hakitambui kitu kwa jina. Kinahesabu kaboni inayoungua, iwe ya dizeli, ya majani yaliyooza au ya plastiki.

Dizeli mbichi haijifichi: vilele vya alkani nyoofu vimejipanga kwa mfuatano, vimekaa juu ya nundu pana ya vitu vingi ambavyo kolamu haikuvitenganisha, na nyuma tu ya C17 yupo pristani, nyuma ya C18 faitani, zote mbili alkani zenye matawi. Ikikaa ardhini, bakteria hula alkani nyoofu kwanza, hivyo C17 hupungua kuliko pristani, na mwishowe hubaki nundu tupu. Mkiona vilele viwili vitatu vyembamba bila nundu, shukuni fthalati, yaani vilainishi vya plastiki, za mipira, glavu na mifuniko. C25 na C27 zikiwazidi majirani zao wa namba shufwa, hiyo ni nta ya mimea.

Nundu tupu ndiyo yenye utata, kwa sababu asidi za udongo nazo hutoa umbo hilo. Pitisheni dondoo (kiyeyusho kilichobeba mafuta kutoka kwenye maji) kwenye jeli ya silika, ishike vitu vyenye ncha za umeme. Lakini mabaki ya dizeli iliyokwisha kuliwa na bakteria nayo hushikwa humo, kwa hiyo toeni namba zote mbili, ya kabla na ya baada. Anayeripoti ya baada peke yake anaficha jambo.

Pimeni pia lita moja ya maji safi kupitia hatua zote zilezile. Yakitoa vilele, tatizo ni lenu: sodiamu salfeti, chumvi ya kukaushia dondoo, haikuchomwa (400°C, saa 4), au vyombo havikusuuzwa kwa kiyeyusho cha diklorometani.

SWALI: Otho-terfenili, kemikali tunayoitia kwenye sampuli kwa kiasi kinachojulikana ili kupima uchimbuaji, inarudi asilimia 40 tu. Inapotelea wapi? – Mkemia, Mombasa

JIBU: Aghalabu kwenye faneli. Mafuta hung'ang'ania kioo, hivyo msichote sehemu ya chupa: mimineni lita yote, kisha suuzeni chupa kwa mililita 60 za diklorometani na kuzitia faneli hiyohiyo. Tikiseni dakika 2 mkitoa shinikizo mara kwa mara, acheni dakika 10, rudieni hadi mizunguko mitatu. Povu zito likizidi theluthi ya tabaka la kiyeyusho, lichujeni kwa sufi ya kioo au mlizungushe kwenye sentrifuji. Otho-terfenili itiwe kabla ya kutikisa. Ikitiwa baadaye haisemi lolote kuhusu uchimbuaji.

Ila nayo haioni kila kitu. Huchemka zaidi ya 330°C, kwa hiyo inaweza kurudi vizuri huku C10 imepeperushwa na gesi ya nitrojeni mlipokuwa mkipunguza dondoo hadi mililita 1. Msikaushe kabisa. C28 ikishuka huku C10 iko sawa, badilisheni kioo cha kichomeo (mlango wa kuingizia dondoo kwenye kifaa) na kukata sentimita chache za mwanzo wa kolamu.

SWALI: Nikichora mstari wa msingi, ule unaopimia eneo la vilele, bonde kwa bonde napata nusu ya ninachopata nikinyoosha. Upi sahihi? – Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Ulionyooka, kuanzia C10 hadi C28. Bonde kwa bonde huitupa nundu, na sehemu kubwa ya dizeli imo humo. Kolamu ikipata joto hutoa chembe zake na kuinua mstari: ingiza diklorometani tupu kwenye kifaa kwa programu ileile ya joto, kisha toa eneo lake kwenye la sampuli. Viwango vya kusawazishia, visivyopungua vitano na vya dizeli yenyewe, vipimwe kwa mstari huohuo.