Viza ya safari fupi: mnauliza, tunajibu

Nakaa siku nne Ujerumani, kisha sita Uholanzi, yote matembezi. Ndege inatua Frankfurt. Niombe viza kwa Wajerumani? – Msomaji, Mwanza

Omba kwa Waholanzi. Viza ya Schengen ya aina C, yaani ya kukaa muda mfupi katika kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege inatua kwingine. Siku zikilingana ndipo nchi unayoingia kwanza inapoamua. Wapo wanaokimbilia ubalozi wenye miadi ya karibu, wanaweka nafasi za hoteli za kuonyesha tu, kisha wanazifuta viza ikitoka. Afisa wa mpakani akiuliza utalala wapi leo, mambo yanaharibika hapo hapo, na viza inaweza kufutwa.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Usisubiri hizo 15 za mwisho, maana uamuzi wenyewe huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi.

Viza yangu ya Schengen ni ya kuingia mara nyingi na inaisha mwakani. Nilikuwa Ufaransa Januari 10 hadi Machi 10. Nataka kurudi Juni 1 kwa siku 45. Kuna tatizo? – Msomaji, Nairobi

Lipo. Tarehe ya mwisho ya viza haikupi siku zote zilizo katikati. Unaruhusiwa siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na hizo 180 hazianzi Januari wala siku uliyoingia. Kila siku unayokuwa kule, hesabu siku 180 kurudi nyuma, ya leo ikiwemo, uone umekaa ngapi. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa.

Februari ikiwa ya siku 28, safari yako ya kwanza ilikula siku 60 kamili. Ukiingia Juni 1 una 30 tu, nazo zinaisha Juni 30. Julai 1 tayari umezidisha, kwa sababu ile Januari 10 haitoki kwenye hesabu hadi Julai 9.

Sasa sogeza safari hadi Juni 9. Siku zako 30 zinaisha Julai 8, na kuanzia kesho yake, kila siku unayoongeza inaondoa moja ya zile za Januari. Unabaki kwenye 90 mpaka umalize 45 zako Julai 23. Tofauti ni siku nane za kusubiri! Ila soma kwanza stika ya viza kwenye pasipoti yako, kwani ubalozi unaweza kuandika siku pungufu ya 90. Na usitumaini muhuri uliofifia: Oktoba 2025 Ulaya ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kusajili kuingia na kutoka, nao unahesabu wenyewe.

Mimi ni raia wa Kongo, nakwenda Brazil kupitia Paris. Sitoki nje ya uwanja. Bado nahitaji viza? – Msomaji, Lubumbashi

Ndiyo, ya aina A, viza ya kupita uwanjani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake huhitaji viza hiyo kwenye viwanja vyote vya Schengen. Ukiwa na viza hai ya Kanada, Marekani au Japani unasamehewa. Watanzania na Wakenya hawamo katika orodha hiyo ya pamoja, lakini kila nchi inaweza kuwa na nyongeza zake, kwa hiyo angalia sheria za nchi unayopitia.

Kosa linalowaumiza wengi ni tiketi mbili zilizonunuliwa kando kando kwa ajili ya bei nafuu. Mzigo haupitilizwi, lazima uuchukue, na mara nyingi hiyo maana yake ni kupita uhamiaji. Viza ya aina A haikuruhusu kuvuka hapo, unahitaji aina C. Shirika la ndege hulijua hilo, na huwa linakuzuia kaunta, kabla hujapanda.

Nanunua vitenge na vipuri Guangzhou. Wenzangu Kariakoo wanasema viza ya utalii ya China inatosha. – Msomaji, Dar es Salaam

Viza ya L ni ya utalii. Biashara ni M, na inataka barua ya mwaliko kutoka kwa kampuni ya China au waandaaji wa maonyesho. Chukua M.

Kisha tazama idadi ya kuingia. Wafanyabiashara wengi huvuka kwenda Hong Kong siku mbili wakidhani bado wamo China ileile. Kiuhamiaji umetoka: kama viza ni ya kuingia mara moja, imekwisha, na mzigo wako umebaki Guangzhou. Omba ya kuingia mara mbili tangu mwanzo. Na ukilala kwa rafiki badala ya hoteli, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia kazi hiyo.

Mama anakuja Uingereza kumwona mjukuu wake aliyezaliwa. Aombe ipi? – Msomaji, Leicester

Viza ya kawaida ya mgeni, ya miezi sita. Ziko za miaka miwili, mitano na kumi, ila kila ziara moja bado haizidi miezi sita. Kipimo cha kifua kikuu hahitaji kwa muda huo. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe, na mtafsiri athibitishe tafsiri kwa jina, tarehe, saini na mawasiliano yake.