Mfumo ulikuwa mzima, niliyekosea mwezi ni mimi

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Kasulu kanitumia meseji, "Bro nimeanza kujifunza programu mwenyewe, nisome lugha gani nipate hela haraka?" Nikacheka, halafu nikaona ngoja nimjibu hapa maana swali hili naulizwa sana.

Mdogo wangu, mimi nilianzia kwenye simu ya kioo kilichopasuka. Laptopu ya mtumba ilikuja baadae, betri imekufa, umeme ukikatika na kazi imeenda, na Kigoma ile ya majenereta ya dizeli umeme ulikuwa hauagi. Hapo ndo nilijifunza kuseva kila mstari, sikufundishwa na mtu. Mama aliposikia nakesha naandika kodi, yaani code, akawatangazia majirani nimepata kazi TRA.

Miaka miwili ya katikati nairuka, ni njaa tu na kukosea.

Mfumo wangu wa kwanza wa maana ulikuwa wa wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, unaandika gunia zilizoingia, zilizotoka, nani anadaiwa. Nikaweka elfu kumi na tano kwa mwezi, wakaingia watu saba. Saba! Nilitembea mjini najiona bosi. Tarehe 28 mfumo unatuma meseji wenyewe, "Ndugu mteja, lipia kabla ya tarehe 1 au huduma itasitishwa." Miezi ya kwanza walilipa, baadae wakaanza kusuasua, mi nikawa nawafungia kweli, na moyoni nasema watu wa huku hawathamini teknolojia. Ndani ya miezi kadhaa nikabaki na mmoja.

Huyo mmoja ni mama wa makamo, nikamfuata mwenyewe. Shikamoo mama, mbona hujalipia? Hakugombana. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa daftari lake la karatasi, kumbe bado alikuwa analiandika siku zote hizo, akanifungulia. Juu ya kurasa hakuna Januari wala Februari. Kuna "giza la kwanza", "giza la pili". Akaniambia, "Mwanangu, meseji yako imekuja mbalamwezi. Mitumbwi imelala, nakulipa na nini?"

Nimezaliwa Ujiji mimi! Najua kabisa dagaa wanafuata taa na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Lakini nilijifunza kwa video za watu wa Marekani wanaolipwa tarehe 30, nikabeba na kalenda yao. Mwezi wa angani una siku kama 29 na nusu, kwa hiyo mwisho wa mwezi wetu kuna kipindi unaangukia gizani, watu wana hela, kuna kipindi unaangukia mbalamwezi, hawana. Ndo maana mwanzoni walilipa!

Nikarudi nyumbani nikafuta bili ya tarehe, nikaweka bili ya giza. Na hapo napo nikajiona mjanja, nikaandika siku 30 kamili. Baada ya mwaka mfumo umeachana na mwezi kwa siku karibu sita, mama ananipigia, "Mwezi wako umechelewa, wa kwangu ushatoka." Nimeandika 29.53 sasa, ananiheshimu.

Sasa nyie vijana mnakimbilia lugha, mnabishana lugha gani kali, mteja wako humjui analala saa ngapi. Kaa na mteja. Nasema tena, kaa naye, umwangalie anavyoandika daftari lake kabla hujafungua laptopu. Na chukua malipo ya awali, tafadhali, kuna ofisi moja hapa mjini niliitengenezea mfumo mzima kwa ahadi, mpaka leo nikipita pale wananisalimia vizuri sana tu, hela hakuna. Iliniuma, inaniuma bado.

2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa watu wasivue miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, sikumtumia mteja hata mmoja bili. Wenzangu wakaniona mjinga. Giza la juzi yule mama kanilipa mwaka mzima, laki moja na themanini taslimu, noti zinanuka dagaa, na kaja na shoga zake wawili wanataka na wao.

Lugha niliyotumia ni PHP, kama bado unataka kujua.