Maswali Yenu: Kufunga Mjadala kwa Kiingereza

Mwalimu, nilimwandikia bosi barua pepe ndefu kuhusu zamu za usiku. Akajibu neno moja: "Noted." Amekasirika?

Si lazima. Amesoma, hajakubali wala hajakataa. Ubaridi unaouhisi unatokana na ufupi. Kwa mkubwa hupita, ila wewe usimjibu hivyo mkubwa wako wala mteja. Andika "Thank you, I'll do that", ajue unachokwenda kufanya.

"Let's agree to disagree" ni kauli ya heshima?

Maana yake ni "tukubali kwamba hatukubaliani". Ni ya heshima kama kila mmoja ameshasikilizwa. Mhubiri wa Kiingereza John Wesley aliitumia mwaka 1770, katika mahubiri ya kumwombolezea mhubiri mwenzake, George Whitefield. Wawili hao walivutana miaka mingi: je, Mungu amekwishawachagua tangu awali watakaookoka? Hawakuafikiana, na bado Wesley alisimama akamsifu mwenzake. Tofauti ilibaki, undugu nao ukabaki. Sasa mtu akikurushia kauli hiyo hata hujamaliza hoja yako ya kwanza, amekunyamazisha kwa maneno matamu, na mimi hilo linanikera sana. Tena usiitumie kwenye jambo lenye jibu, kama hesabu ya mshahara. Hapo leteni karatasi za malipo, mkokotoe upya.

Binti yangu hunijibu "whatever". Nimkanye?

Mkanye. Likisimama peke yake, neno hilo linamwambia mzazi kwamba maneno yake hayana uzito. "Whatever you like" ni jambo jingine: anakuachia wewe uchague.

"Full stop" au "period"?

Yote mawili ni nukta; ukiyatamka mwishoni mwa kauli, maana yake ni "basi, mjadala umeisha". Waingereza husema la kwanza, Wamarekani la pili. Yote ni makali, hufunga mlango.

Kwenye mdahalo wa shule, mwanangu alimaliza kwa "I rest my case". Amekosea?

Hajakosea, ila ajue ilikotoka. Mahakamani, wakili husema hivyo akishamaliza kutoa ushahidi wake, na baada yake upande wa pili hupewa nafasi. Wengi huitamka kana kwamba hukumu imeshatoka.

Nifunge vipi kwa upole?

"Fair enough" inakiri kwamba hoja ya mwenzio ina msingi, hata kama hujabadili msimamo. Mimi napenda zaidi "Shall we leave it there for today?" Kwa kuwa ni swali, mwenye neno la mwisho bado anaweza kulisema.