Muuzaji alisema katuni haijakarabatiwa, CGC wakasema imekarabatiwa

Pole sana ndugu. Nikikuelewa vizuri, uliuziwa toleo la zamani la kitabu cha katuni kama la daraja la 9.0 kati ya 10, "halijaguswa", na CGC, kampuni inayopima katuni na kuzipa madaraja, wamekurudishia likiwa na lebo ya zambarau, yaani limekarabatiwa. Sasa muuzaji anasema madaraja ni maoni tu.

Usimkubalie abishane nawe hapo. Angekupa 9.0 ukapata 8.5, ningekwambia usamehe, maana hata wapimaji hutofautiana. Lakini ukarabati si maoni. Ama rangi imeongezwa kwenye jalada au haikuongezwa, na lebo yenyewe hutaja walichokuta. Shikilia hilo moja.

Kwanza, usifungue kasha la plastiki ambamo CGC wameifungia katuni, hata kwa hamu ya kujionea. Ukilivunja, ushahidi umekwenda. Piga picha za tangazo kabla hajalifuta (mimi wangu alilifuta usiku uleule). Kisha mwandikie ujumbe mmoja, mfupi, bila matusi: ulichoahidi, kilichokutwa, ninachotaka. Dai bei yote, usafirishaji na ada ya upimaji, ukimpa siku saba. Ada ya upimaji huenda akaikatalia, na hapo unaweza kulegeza.

Akinyamaza, peleka malalamiko kwenye mtandao ulikonunulia au benki iliyotoa kadi yako, ila angalia tarehe ya mwisho, kwani muda huo hauongezwi kwa sababu mlikuwa mnajadiliana. Wauzaji wengine huvuta maneno makusudi.

Na usirudishe katuni bila namba ya kufuatilia mzigo. Ulilipa kwa kadi au ulimtumia pesa moja kwa moja?