Daftari Kwanza, Doria Baadaye: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ulinzi wa Mpaka wa Ziwani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Ilemela, Ukerewe na Sengerema. Wananchi wa mialoni, yaani kwenye fukwe za kupokelea samaki, wanataka kuunda vikundi vya kupigania usalama wa mpaka wa ziwani, na polisi pamoja na viongozi wa mitaa wamekubali kuwashauri. Mpaka wetu na Uganda na Kenya humu Ziwa Victoria hauna ukuta wala nguzo. Unafuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, na mara nyingi mchuuzi wa dagaa aliyeamka saa kumi alfajiri hukiona chombo kigeni kabla ya askari yeyote. Kwa hiyo tumeyapa maswali haya ukurasa mzima.

Tuko watu 22 hapa Igombe. Mkaguzi wa kata yuko tayari kutusaidia, diwani pia, na yupo mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Je, wote tuwaingize kwenye uongozi wa kikundi?

Hapana, ndugu zetu. Uongozi ni wenu. Hao wawe washauri. Askari aliye kazini hutii amri ya mkubwa wake na huhamishwa wakati wowote. Akipangiwa Simiyu kesho, kikundi kitaamka hakina mwenyekiti. Tena iko siku mtataka kumwandikia mkuu wa polisi wa wilaya kwamba boti ya doria haijaonekana miezi miwili. Mtu ambaye huyo OCD ndiye bosi wake ataisainije barua hiyo?

Chagueni mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe wawili watatu kutoka kwenu. Kisha tafuteni washauri watano hadi saba, kila mmoja kwa sababu inayojulikana. Mkaguzi wa kata ndiye mlango wenu wa polisi. Mtendaji wa kata anahitajika kwa kuwa mambo ya ulinzi na usalama ya kata hupita mezani kwake. Afisa wa Uhamiaji wa wilaya na afisa uvuvi wanajua sheria ambazo polisi wa kawaida hazigusi kila siku. Mzee anayesikilizwa, au sheikh, au mchungaji, atawatuliza vijana siku damu zikichemka. Mama mmoja wa biashara ya samaki asikosekane, maana wanawake wa mwaloni ndio wanaojua nani amepangisha chumba kwa wageni na nani ameanza ghafla kununua mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) kwa bei isiyoeleweka.

Mshauri anayesahauliwa kuliko wote ni mwenyekiti wa BMU. Vikundi hivyo vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003, na huwa na kumbukumbu za vyombo vya mwalo wao. Mkianza bila wao mtagombana nao kabla mwezi haujaisha. Mvuvi yuleyule atasimamishwa na hawa, kisha na wale, na wote watamuuliza maswali yaleyale. Akishachoka hatawaambia lolote nyinyi wala wao.

Mzee mstaafu ni hazina, kwa sababu anajua kuandika taarifa na ana muda. Mpeni mafunzo ayasimamie. Msimwite kamanda, hata kwa utani, kwa sababu tutakazozieleza kwenye jibu linalofuata.

Makubaliano na washauri yaandikwe ukurasa mmoja. Watakutana nanyi kila miezi mitatu. Hawatashika fedha za kikundi, hawatawatuma doria, na hawatalitumia jina la kikundi kwenye kampeni. Kila mtumishi wa serikali aombwe kwa barua kupitia ofisi yake. Ahadi ya mdomo huhama na mtu, lakini barua hubaki kwenye faili na anayempokea kiti ataikuta.

Kuhusu usajili, anzeni na mkutano wa mtaa. Walio vijijini Ukerewe watumie mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau kila miezi mitatu. Muhtasari uliosainiwa, orodha ya wanachama, katiba ya kikundi na barua ya mtendaji vipelekwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, halafu halmashauri. Vikundi vingi hukwama kwenye kipengele cha lengo. Wengine hunakili katiba ya kikoba, na lengo linasomeka "kuweka na kukopa". Wengine huandika "kulinda mpaka", na hapo kila afisa anasita kugonga muhuri, kwa haki kabisa, kwani kulinda mpaka ni kazi ya vyombo vya dola. Andikeni kwamba mnahamasisha wananchi kutoa taarifa na kushirikiana na vyombo vya ulinzi na usalama katika mpaka wa ziwani.

Vijana wetu wanataka sare za kijani, vyeo, na marungu ya doria. Kuna ubaya? (Msomaji wa Sengerema)

Upo, na ni mkubwa. Ibara ya 147 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza mtu, shirika au kikundi chochote isipokuwa Serikali kuunda jeshi la aina yoyote. Sare inayofanana na ya askari, vyeo vya kijeshi na gwaride la jioni vinaweza kuwafikisha mahali ambapo hata mshauri aliye polisi atalazimika kuwakamata. Vesti ya kuakisi mwanga yenye jina la kikundi na kitambulisho chenye picha vinatosha. Kijana anayetaka mafunzo ya ulinzi aende kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, afuate utaratibu wa mgambo.

Wako wanaotutajia Sungusungu, wale walinzi wa jadi. Ni kweli walianza huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sheria ikawatambua mwaka 1989. Lakini kutambuliwa kwao hakukipi kikundi chenu uwezo wa kukamata eti kwa sababu mmejiita jina hilo.

Mimi ni mama lishe hapa kisiwani Ukara. Usiku huja mitumbwi na watu tusiowajua, wengine Kiswahili chao ni cha shida. Kikundi kinaweza kuwakamata na kuwadai vitambulisho?

Mama, kuwadai vitambulisho hamwezi. Kukagua hati za mtu ni kazi ya Uhamiaji na polisi. Mwananchi asiye na mamlaka akimzuia mwenzake kwa sababu ya lafudhi amevunja Ibara ya 15 ya Katiba inayolinda uhuru wa mtu, na anaweza kushtakiwa yeye.

Lafudhi, tena, inapotosha sana kwenye ziwa hili. Wajaluo wako Rorya na wako Kenya. Wakurya wako Tarime na ng'ambo ya Sirari. Mtu anaweza kuzaliwa Shirati, akakulia kwa mjomba wake Kenya, akarudi na Kiswahili kilichopinda, na bado akawa Mtanzania kamili. Wako pia Watanzania wengi wa visiwani ambao kadi ya NIDA hawajaipata. Na raia wa Uganda au Kenya aliyeingia kihalali kwa hati zake hana kosa lolote kwa kuonekana Ukara.

Kuhusu kukamata, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda mbele yake baadhi ya makosa yaliyotajwa humo. Baada ya hapo lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa, na kama polisi hayupo, ampeleke kituo kilicho karibu. Neno la kushika hapo ni "mbele yake". Ukara iko zaidi ya kilomita 80 kusini mwa ule mstari wa nyuzi 1, kwa hiyo kama mtu alivuka mpaka kinyume cha sheria, nyinyi hamkumwona akivuka. Mlichokiona ni mtumbwi ukitia nanga, na huo ndio wa kutolea taarifa. Mkimkuta mtu anafungua injini ya mwenzake gizani, hapo mmeona wizi kwa macho yenu na mnaweza kumshika. Asipigwe, asivuliwe nguo, asipigwe picha za kusambazwa. Ulizeni mapema kituo cha polisi kwamba mtu akishikwa usiku kisiwani, nani apigiwe na chombo gani kitamvusha. Makabidhiano mengi huharibikia hapo: kikundi hukosa usafiri, mtu akalala kwenye ghala la dagaa hadi asubuhi, na kesho yake kesi inayosikilizwa ni ya kumweka mtu kizuizini.

Tunakuomba uwaangalie sana wasichana na watoto wanaoshushwa usiku na mtu asiye ndugu yao. Huyo mtoto huenda anasafirishwa kwa ajili ya kazi za ndani au jambo baya zaidi, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inamhesabu kuwa mhanga. Usimuulize maswali mbele ya aliyemleta. Piga 112, omba dawati la jinsia na watoto, na hakikisha anakaa na mwanamke anayeaminika, mbali na mwenye mtumbwi.

Tunatoa taarifa polisi lakini hatuoni matokeo. Tufanyeje wasikie?

Swali hili limekuja kutoka mialo mitatu tofauti. Tukisema kweli, sehemu ya lawama iko upande wa ofisi. Lakini taarifa nyingi zinazofika kituoni hazifanyiwi kitu kwa sababu hazina cha kushika. "Kuna boti za magendo zinaingia usiku" haimwambii mkuu wa kituo ampeleke askari wapi, lini.

Nunueni daftari gumu la kurasa 200. Zihesabuni kurasa kwa kalamu kabla ya kuandika chochote, ili isichanwe hata moja. Kila tukio liwe na tarehe na saa. Mahali, kwa kutaja jiwe, kisiwa au gati linalojulikana. Rangi ya chombo na namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni, au maneno "namba haikuonekana". Ukubwa wa injini. Idadi ya watu. Mzigo, na kama chombo kimezama sana majini au kinaelea juu. Malizieni na uelekeo kilikotoka na kilikokwenda. Aliyeona kwa macho aandike "niliona", aliyeambiwa aandike "nimesikia kwa mtu", na mistari hiyo isichanganywe kamwe. Mshauri wenu wa polisi ataipima taarifa kwa maneno hayo mawili.

Ongezeni hali ya mwezi, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa, kwa hiyo hufanya kazi siku za giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Chombo cha dagaa kinachotoka na kuingia kila usiku mwezi ukiwa mpevu kinastahili kuandikwa. Mvuvi wa sangara anayetega nyavu hana habari na mwezi, msimsumbue. Na kutowasha taa peke yake si ushahidi, betri huisha.

Kisha pelekeni jambo kwa mwenyewe. Nyavu haramu, samaki wachanga na mabondo yasiyo na vibali, afisa uvuvi. Sukari, mafuta, vipodozi na bidhaa nyingine za magendo, TRA upande wa forodha. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 huingia humohumo chini ya mizigo mingine, itajeni. Masuala ya watu na hati, Uhamiaji. Silaha, uporaji wa injini na nyavu majini, polisi mara moja. Askari akiomba chochote ili afuate taarifa, TAKUKURU wanapatikana kwa 113.

Mkifungua taarifa kituoni, ombeni namba ya RB (kitabu cha taarifa cha polisi) na muiandike kando ya tukio daftarini. Ikiwa ni dokezo la simu, andikeni saa na jina la aliyepokea. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na orodha ya taarifa mlizopeleka, zilizofuatiliwa na zilizonyamaziwa. Hiyo ndiyo mnayoiweka mezani kwa washauri, kisha kwa mkuu wa wilaya, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Ombi liwe jambo moja linalopimika. "Ulinzi uimarishwe" mtu hukubali kwa kichwa na kusahau. "Boti ya doria ifike mwalo huu mara mbili kwa wiki siku za giza" itajibiwa ndiyo au hapana. Kama linahitaji fedha za halmashauri, lifike kwenye kamati ya maendeleo ya kata mapema, Oktoba au Novemba, maana mwaka wa fedha huanza 1 Julai na mipango huandaliwa miezi mingi kabla.

Daftari likae kwa katibu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Picha za kurasa zisiingie kwenye kundi la WhatsApp. Jina la mtu asiye na hatia likisambaa mmemwangamiza, na jina la mtoa taarifa likisambaa mmemhatarisha. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ipo ya Kulinda Taarifa Binafsi ya 2022, na ipo ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Mwombeni mkaguzi wa kata awaeleze hizo tatu kwenye kikao cha kwanza kabisa.

Mfanyabiashara mmoja wa hapa Kirumba anataka kutupa mafuta ya boti kila wiki, na diwani anataka tuvae fulana zake. Tupokee?

Fulana zirudisheni kwa heshima, hata kama mnampenda diwani. Siku mtakapotoa taarifa ya mtu wa chama kingine, hakuna atakayeamini kwamba mlimwona kweli.

Mafuta ni gumu zaidi kwa sababu mnayahitaji kweli. Jiulizeni kwanza kama mnahitaji boti. Kikundi cha kuhamasisha na kutoa taarifa hufanya kazi yake nchi kavu kwa simu na daftari; mkilazimika kuvuka, kila aliyemo avae jaketi okozi. Ajali ya kivuko cha MV Nyerere ya 20 Septemba 2018 pale Ukara inatosha kutukumbusha maji haya yalivyo. Msaada wowote uandikwe kwenye kitabu cha mapato, stakabadhi itolewe, na taarifa isomwe kwenye mkutano wa mtaa. Mfanyabiashara mwenye vyombo ziwani asilipie mafuta ya watu wanaoangalia vyombo ziwani. Akitaka sana kusaidia, anunue madaftari, tochi na betri, akabidhi mbele ya mkutano, na mitumbwi yake iendelee kuandikwa kama ya wengine.