Asumini yako ni majani tu, maua hakuna? Ipogoe

Watu wengi wananiuliza mbona asumini zao zimestawi, majani yanang'aa, zimepanda mpaka juu ya dirisha lakini maua ni ya kutafuta kwa tochi, na nikienda kuangalia mara nyingi nakuta sababu ni zile zile mbili, kivuli na kuogopa mkasi. Nimepanda asumini miaka mingi hapa Mombasa, ardhini na kwenye vyungu, haya ninayoandika ndo ninayoyafanya nyumbani.

Tuanze na jua. Asili ya asumini ni India na nchi za jirani na jua hailiogopi kabisa, inataka liipige moja kwa moja si chini ya masaa sita kwa siku. Ukiiweka chini ya mwembe au ndani ya baraza haitakufa, itaishi tu, ila itarefuka ikitafuta mwanga na maua hutayaona.

Sasa mkasi, na hapa ndo penyewe. Asumini inatoa maua kwenye ncha za matawi machanga, yale yaliyochipua juzi juzi, tawi kuukuu halikupi kitu. Chukua tawi lililomaliza kuchanua, utaona kwenye ncha vimebaki vikonyo vikavu, basi teremka jozi mbili tatu za majani halafu kata juu kidogo tu ya jozi, manake pale jani linaposhikana na tawi kuna kijicho kidogo cha kijani, kimoja kila upande, na ukishakata vyote viwili vinaamka, kwa hiyo tawi moja linakuwa mawili na kila moja linakuja na kishada chake cha vitumba. Fanya hivyo kila maua yakiisha. Mimi mvua za masika zikikaribia nakata zaidi, mpaka nusu ya mti, na yale matawi yaliyosongamana katikati natoa yote upepo upite, anayeuona siku hiyo anauhurumia lakini mvua ikishanyesha unachipua kila mahali.

Mbolea usizidishe. Yurea ndo kabisa sikushauri, inaleta majani matupu. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri inatosha, unachanganya na udongo juu juu ukishapogoa, na kama ni chungu hakikisha kina matundu chini, maji yakituama mizizi inaoza. Mwagilia udongo wa juu ukianza kukauka.

Mbegu usihangaike kutafuta, hii asumini yetu ni nadra sana kuzaa mbegu, tunaotesha kwa vipandikizi. Kata tawi ambalo si changa sana wala si gumu, urefu wa sentimita 15 hivi, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini na usiache pakauke. Wiki nne mpaka sita hivi mizizi inakuwa imeshika. Ukiona inzi weupe au vidung'ata chini ya majani, pulizia maji ya sabuni au mafuta ya mwarobaini jioni, lakini nenda hadi upande wa chini wa jani, huko ndo wanakojificha.

Na kama unataka za kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia wanachovaa wanawake, chuma alasiri, usingoje zifunguke. Chagua vitumba vilivyotuna na kuwa vyeupe kabisa, vile vyenye ukijani viache vya kesho. Zitafunguka zenyewe usiku zikiwa tayari ziko kwenye uzi, harufu yote mnaipata nyinyi. Ukichuma asubuhi zishachanua, zinachakaa haraka na kugeuka rangi ya zambarau. Tunga kwa sindano nyembamba kupitia pale kwenye kikonyo, ua lenyewe usilitoboe, changanya na mrehani, na kama shughuli ni ya usiku zifunge kwenye jani bichi la mgomba au kitambaa chenye unyevu mpaka saa ya kuvaa.